Kiti cha Julian Bond: Jawabu kwa Wanaosema Hakutimiza

Imekuwa ada ya waandishi wa siasa za Marekani, kila wanapolitaja jina la Julian Bond, kuanza kwa sifa na kumaliza kwa masikitiko. Husema kwamba alikuwa kijana wa sura jamali na ulimi fasaha, mjukuu wa mtu aliyezaliwa utumwani na mwana wa mkuu wa chuo. Kwamba mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa umakamu wa rais naye akiwa na umri wa miaka 28, ikambidi aliondoe mwenyewe kwa kuwa Katiba yataka mtu awe ametimiza miaka 35. Kwamba watu walimtazamia makubwa. Na kwamba, pamoja na matumaini yote hayo, alikaa takriban miaka 20 katika baraza la kutunga sheria la jimbo moja la kusini, akashindwa alipotaka kwenda Washington, akaishia kufundisha vyuoni. Hukumu yao ni kwamba hakutimiza. Imekaririwa hata wanaoitoa hawaoni tena haja ya kuitolea ithibati, na wanaompenda Bond nao huikubali kwanza, kisha ndipo wakamtafutia udhuru. Mimi simtafutii udhuru. Hukumu yenyewe naikataa, kwa sababu imempima mbunge kwa cheo alichokikosa pasipo kuwauliza waliomchagua walimtuma nini, na kwa sababu, ili isimame, haithubutu kuutazama mwaka 1966, bali huupitia upesi upesi kama mtu apitaye mbele ya mlango wa anayemdai.

Msingi wa hukumu hiyo ni dharau kwa baraza la jimbo, likidhaniwa kuwa ni ukumbi wa kungojea ambamo mwenye kipaji huketi kidogo hata aitwe kwenye mambo makubwa. Anayedhani hivyo hakuitazama vyema historia ya watu weusi wa kusini ya Marekani. Sheria zilizowatenga watoto wao mashuleni, zilizoweka kodi na mtihani wa kusoma mbele ya sanduku la kura, zilizoamua nani aketi wapi katika gari la abiria, hazikutungwa Washington. Zilitungwa katika mabaraza ya majimbo, mchana kweupe, na watu waliokwisha kuapa kwamba wataitii Katiba. Baraza hilo hilo ndilo lichoralo mipaka ya uchaguzi, ya viti vyake lenyewe na ya viti vya Bunge la Taifa pia, hata ikawa aliye mkubwa Washington ameumbwa, kwa kiasi fulani, na kalamu ya wadogo wa jimboni kwake. Kwa mtu mweusi wa Georgia, pigano lilikuwa pale, na aliyebaki pale hakuwa amepotea njia.

Na Georgia ilikuwa na deni la zamani. Mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vilivyoukomesha utumwa, watu weusi walichaguliwa kuingia katika baraza lake kwa mara ya kwanza; na mwezi Septemba mwaka huo huo wenzao weupe walipiga kura wakawatoa, kwa hoja kwamba katiba ya jimbo ilimpa mtu mweusi haki ya kuchagua lakini haikumpa kwa tamko haki ya kuchaguliwa. Henry McNeal Turner, mmoja wa waliotolewa, aliwahutubia kwa maneno ambayo husomwa hata leo, akakataa kujidhalilisha kwa kuomba kilicho haki yake. Washington iliwarudisha mwaka 1870, walakini marejeo yale hayakudumu. Mwaka 1908 jimbo lilibadili katiba yake ili kumfuta mweusi katika daftari la wapiga kura, na miaka mingi ikapita hata mwaka 1962 alipochaguliwa Leroy Johnson kuwa seneta wa jimbo.

Yafaa niondoe hapa kosa moja la tarehe, kwa kuwa limeingia katika masimulizi ya watu wengi na limeipotosha maana ya mambo yaliyofuata. Husemwa kwamba Bond aliingia barazani kwa neema ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Johnson tarehe 6 Agosti 1965, ilhali Bond alichaguliwa tarehe 15 Juni 1965, wiki saba na siku kadhaa kabla yake. Kilichomfungulia njia kilikuwa kitu kingine, kikavu zaidi na kisichotungiwa nyimbo, nacho ni hesabu ya viti. Baraza la Wawakilishi la Georgia lilikuwa na viti 205, vilivyogawanywa kwa kaunti 159: kaunti nane kubwa zilipewa viti vitatu kila moja, thelathini zilizofuata viti viwili viwili, na 121 zilizosalia kiti kimoja kimoja. Kwa mgao huo kaunti ya Fulton, ulipo mji wa Atlanta, yenye watu 556,326 kwa hesabu ya mwaka 1960, ilikuwa na wajumbe watatu. Na kaunti ya Echols, kando ya mpaka wa Florida, yenye watu 1,876, ilikuwa na mjumbe wake mmoja. Mtu wa shamba alikuwa na sauti ya makumi ya watu wa mjini, na watu weusi wa Atlanta walikuwa mjini. Mahakama za taifa zilipoamua, katika miaka ya mwanzo ya sitini, kwamba kura ya mtu mmoja haiwezi kuzidi ya mwenziwe kwa sababu ya mahali anapolala, Georgia ililazimishwa kugawa upya, Fulton ikaongezewa viti, na katika viti hivyo vipya ndimo lilimopatikana eneo la uchaguzi la 136.

Aliyekitaka kiti hicho alikuwa na miaka 25, ameacha masomo yake katika chuo cha Morehouse kabla ya kuyamaliza (aliyamaliza mwaka 1971), na alikuwa mkuu wa habari wa kamati ya vijana iliyojulikana kwa herufi zake za SNCC, ambayo iliwatoa wanafunzi madarasani ikawaketisha katika mikahawa wasikotakiwa. Kamati hiyo haikuwa ngeni na habari za kwetu. Desemba 1963, Jaramogi Oginga Odinga, waziri wa Kenya iliyokuwa ndiyo kwanza inapata uhuru, alipita Atlanta katika ziara. Vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumwamkia, na walipotoka wakaingia mkahawa wa jirani wa Toddle House, wakanyimwa huduma, wakakataa kuondoka, wakakamatwa. Kisa kile kilitungiwa wimbo wenye jina la Odinga, ukaimbwa katika mikutano ya kusini na watu ambao Kenya hawakupata kuiona. Kazi ya Bond ilikuwa kuviandika visa vya namna hiyo na kuvipeleka magazetini: nani kapigwa, wapi, saa ngapi, na askari gani alikuwa akitazama. Ni kazi ya mtu aliyezoea kusema jambo lilivyo, na mazoea hayo yalikuja kumgharimu.

Kampeni yake aliifanya mlango kwa mlango. Aliwauliza watu wanataka nini, jambo ambalo lilikuwa geni katika mitaa ambayo wanasiasa waliikumbuka kwa kupitia kwa wachungaji na wakubwa wa mtaa peke yao. Akaleta madai yao: ujira usiopungua dola mbili kwa saa, kuondolewa kwa mtihani wa kusoma kwa wapiga kura, kufutwa kwa sheria iliyovidhoofisha vyama vya wafanyakazi. Eneo lilikuwa na wapiga kura wapatao 6,500, na katika hao 6,000 hivi walikuwa weusi. Mpinzani wake katika uchaguzi, naye mtu mweusi na msimamizi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Atlanta, alipata kura 487. Bond alipata 2,320. Mwenye kutaka kujua ahadi gani Bond alipewa kuitimiza, na aianze hesabu yake hapa: watu 2,320, wengi wao maskini, waliotaka mtu atakayesema kwa niaba yao ndani ya jumba ambalo liliwahi kuwatoa wazee wao.

Kabla hajaapishwa, mambo mawili yalitokea. Tarehe 3 Januari 1966 kijana mmoja mweusi wa Tuskegee, Sammy Younge, aliyepata kutumika katika jeshi la maji, alipigwa risasi akafa katika kituo cha petroli kwa sababu ya choo cha weupe. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kuipinga vita ya Vietnam, likasema mauaji ya Younge na ya wakulima wa Vietnam yana asili moja, na kwamba inawaonea huruma na kuwaunga mkono vijana wasiokubali kuandikwa jeshini kwa lazima. Aliyelisoma mbele ya waandishi alikuwa mwenyekiti wa SNCC, John Lewis. Jina hili msomaji aliweke akilini. Bond hakuliandika tamko lile. Mwandishi wa redio alimpigia simu akamwuliza kama analikubali, naye akajibu kwamba analikubali. Angeweza kusema kwamba hajalisoma sawasawa, au kwamba yeye ni mjumbe mteule wa jimbo na mambo ya nje hayamhusu. Wanasiasa wazoefu wana majibu ya namna hiyo kumi mfukoni. Alipoulizwa zaidi alisema huwastahi wanaochoma kadi zao za jeshi kwa ushujaa wao, ila yeye hakumshauri mtu kuchoma, na kadi yake mwenyewe anayo, yuko tayari kuitoa wakitaka kuiona.

Wajumbe 75 waliandika arzihali kupinga asiketi. Tarehe 10 Januari, wenzake walipoitwa kuapa, karani alikataa kumwapisha. Kamati ikaundwa, ikasikiliza siku hiyo hiyo, na jioni Baraza likapiga kura 184 dhidi ya 12 kwamba asipewe kiapo. Hoja zao zilikuwa kwamba maneno yake yanawapa auni maadui wa nchi, kwamba yanalitia Baraza aibu, na kwamba mtu mwenye maneno hayo hawezi kuapa kwa dhati kuitii Katiba, ingawa mwenyewe alikuwa amesimama pale akitaka kuapa. Tazama ufundi wa hoja ya mwisho. Haikumzuia mtu aliyekataa kiapo. Ilimzuia aliyekitaka, kwa madai kwamba wao wanajua kilichomo moyoni mwake kuliko yeye. Na katika hao waliojipa uhakimu wa nyoyo, walikuwamo waliotumia miaka kumi na zaidi kuzipinga hadharani amri za Mahakama ya Juu juu ya shule, wala hakuna aliyewauliza juu ya dhati ya viapo vyao.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wanaosema hakutimiza hulitaja kwa sentensi moja, kisha wakakimbilia mahakamani. Kiti kilipotangazwa kuwa kitupu, uchaguzi mdogo uliitishwa tarehe 23 Februari 1966, na Bond akasimama tena, akashinda kwa wingi mkubwa. Kamati ya kanuni ya Baraza ikamwita, ikataka ayafute maneno yake, akakataa, kiti kikabaki kitupu. Mwezi Septemba akasimama katika mchujo wa chama, akashinda. Tarehe 8 Novemba akasimama katika uchaguzi mkuu, akashinda. Maana yake ni kwamba wapiga kura wa eneo la 136 waliulizwa swali lile lile tena na tena ndani ya mwaka mmoja na nusu, mara mbili za mwisho wakijua yakini kwamba jibu lao laweza kutupwa, na kwamba kwa kung'ang'ania kwao wamekaa mwaka mzima bila mjumbe wa kuwasemea juu ya shule na barabara zao. Wangeweza kumleta mwingine aliye laini. Katika mitaa ya Vine City, iliyomo katika eneo hilo, ambako nyumba nyingi zilikuwa mbovu na wenye nyumba hawakuonekana ila siku ya kodi, kumkosa mjumbe haikuwa hasara ya kubuni. Walimrudisha yule yule.

Nimesoma mara nyingi kwamba Mahakama ya Juu ndiyo iliyompa Bond kiti chake. Nakubali kwamba bila Mahakama mlango ungeendelea kufungwa, na sioni sababu ya kuipunguzia sifa yake. Bond alipolishtaki Baraza, mahakama ya chini, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, ilikuwa imelipa Baraza haki. Aliyepinga ni Jaji Elbert Tuttle. Mmoja wa wale wawili, Griffin Bell, alikuja kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya taifa chini ya Rais Carter, na hukumu yake ilipobatilishwa na majaji tisa kwa sauti moja hakuna aliyeandika kwamba kipaji chake kimepotea bure. Lakini isomwe hukumu ya tarehe 5 Desemba 1966, aliyoiandika Jaji Mkuu Earl Warren, ionekane ilijengwa juu ya nini. Ilikataa kwamba mbunge aweza kuwekewa mpaka wa kusema ulio mfinyu kuliko wa raia wa kawaida. Ikakataa kwamba wingi wa wajumbe waweza kutumia kiapo kupima unyofu wa mwenzao asiyekubaliana nao. Na ikasema kwamba mbunge ana wajibu wa kutoa rai yake katika mambo yanayobishaniwa, ili waliomchagua wamjue na waweze kumpima. Msingi wa hukumu ni mpiga kura. Martin Luther King, ambaye alikuwa mkazi wa eneo hilo, aliingia katika shauri hilo pamoja na Bond, na aliingia kama raia anayedai mjumbe wake. Majaji hawakutoa kiti kutoka mfukoni mwao. Walilizuia Baraza kushika kisicho chake, na walifanya hivyo Bond akiwa amekwisha kushinda Novemba.

Wala asidhani mtu kwamba Mahakama ile ilikuwa na mapenzi ya pekee kwa wapiga kura wa Georgia. Wiki moja baadaye, tarehe 12 Desemba, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Baraza lile lile, pamoja na Seneti ya jimbo, laweza kumchagua gavana, kwa kuwa katika uchaguzi wa Novemba hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Aliyeongoza alikuwa Howard Callaway wa chama cha Republican. Baraza likamchagua wa pili, Lester Maddox, mwenye mkahawa aliyejipatia jina kwa kuwafukuza wateja weusi, yeye na watu wake wakiwa wameshika mipini ya sururu. Bond alikula kiapo tarehe 9 Januari 1967, na kesho yake, mwaka mmoja kamili tangu alipokataliwa, Baraza likampa Maddox ugavana. Ukumbi huo ndio ambao baadhi ya wakosoaji wanataka tuamini kwamba kijana wa miaka 26, mwenye hoja ya kutosha, angeujaza miswada mikubwa.

Mwaka 1966 huo huo, upande wetu wa dunia, swali la mwenye kiti liliulizwa kwa namna nyingine. Odinga alipojitoa katika chama tawala na kuongoza chama cha KPU, Bunge la Kenya lilibadili katiba mwezi Aprili 1966 ili kila mbunge aliyehama chama alichochaguliwa nacho arudi kwa wapiga kura. Na Juni ukafanyika uchaguzi uliokuja kuitwa Uchaguzi Mkuu Mdogo, ambao ndani yake Odinga alikirudia kiti chake cha Bondo. Silinganishi mambo mawili yasiyolingana: aliyehama chama na aliyeitikia simu ya redio si hali moja, na sheria ya Kenya iliwapa angalau wapiga kura neno la mwisho, japo kwa haraka ambayo wapinzani waliilalamikia. Nataka tu kusema kwamba msomaji wa Kiswahili hana haja ya kusafiri mbali ili kuielewa ladha ya kesi ya Bond. Wabunge waliokuwa na kauli isiyopendwa, na wenzao waliokuwa na wingi wa kura, amewaona.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, kwa maana ipo, na nisiporidhia kuikabili nitakuwa nimefanya niliyowalaumu wenzangu. Husemwa kwamba Bond, baada ya kuketi, hakuwa mbunge mwenye bidii. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha katika Seneti ya jimbo hadi 1987; na katika miaka hiyo alisafiri mno akihutubia vyuo na mikutano nchini kote, hata wenzake wakawa wanakitazama kiti chake na kuuliza mwenyewe yuko wapi. Lawama hiyo ina ukweli, wala siioni kuwa ndogo. Mtu wa Vine City ambaye bomba lake limepasuka hafaidiki na hotuba iliyotolewa Ohio. Hata hivyo lawama ya uvivu haipatani na daftari. Miswada aliyoiandika au kushiriki kuiandika hata ikawa sheria inazidi 60, mingi ikihusu mambo madogo ambayo hayamfanyi mtu mashuhuri. Alisaidia kuwaunganisha wajumbe weusi wawe na sauti moja. Nje ya jumba aliongoza, tangu 1971 hadi 1979, kituo cha sheria cha Southern Poverty Law Center, kilichowapeleka wabaguzi mahakamani. Na katika mwaka 1967, alipokuwa ndiyo kwanza anaketi, alitoa kitabu cha picha na maneno machache cha kuieleza vita ya Vietnam, kilichochorwa na T. G. Lewis, ili ayasome hata mtu asiyekuwa na mazoea ya kusoma vitabu. Akawaeleza watu wa kawaida kwa kituo na taratibu yale aliyofukuziwa kwa kuyakubali. Ni mbunge gani, katika wale 184, aliyejitaabisha kumweleza mpiga kura wake sababu ya kura aliyoipiga siku ile?

Lakini kazi yake iliyo kubwa kuliko zote jimboni ni ile ambayo wakosoaji huisahau, tena wakaisahau kwa namna ya ajabu, kwa kuwa matokeo yake wanayatumia kumhukumu. Baada ya hesabu ya watu ya mwaka 1980, Georgia ilibidi ichore upya mipaka ya viti vyake vya Bunge la Taifa. Atlanta ilikuwa na watu weusi wengi, na mpango uliotakiwa na wakubwa wa Baraza uliwakata katikati, kiasi kwamba katika kiti cha tano, ingawa walikuwa wengi kwa idadi ya vichwa, hawakuwa wengi katika daftari la kura. Bond, akiwa seneta, alileta mswada wa kuwaweka pamoja, eneo liwe na asilimia 69 ya weusi. Akatafuta kura kwa wenzake weusi na hata kwa maseneta wa Republican, waliokuwa na hesabu zao wenyewe, akaupitisha katika Seneti. Baraza la Wawakilishi likauzuia. Mwenyekiti wa kamati yake ya mipaka alikuwa ameeleza sababu zake kwa maneno ambayo mahakama ya Washington, shauri lilipofika huko mwaka 1982, iliyanukuu katika hukumu yake ili dunia iyaone, nami sina haja ya kuyachafulia ukurasa huu. Mahakama iliukataa mpango wa jimbo, na Georgia ikalazimika kuchora eneo lenye weusi takriban asilimia 65. Hiyo ndiyo kazi ya mbunge wa jimbo inapofanywa na mtu anayeijua: ramani, asilimia, vikao virefu vya kamati ambavyo waandishi hawaviendi, na mwishowe kiti ambacho hakikuwapo.

Mwaka 1986 kiti hicho kilikuwa wazi, na Bond akakitaka. Aliyesimama naye alikuwa John Lewis, sahibu yake tangu ujana, yule aliyelisoma tamko la Januari 1966. Katika mchujo wa Agosti Bond alipata asilimia 47 na Lewis 35. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, ikafanyika duru ya pili mwezi Septemba, na Lewis akashinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Kampeni ilikuwa chungu. Lewis alidai wapimwe wote wawili kama wanatumia dawa za kulevya, Bond akakataa, na suhuba ya miaka mingi ikaingia ufa. Wengi wa wapiga kura weusi walimpa Bond. Wengi wa weupe walimpa Lewis, na muungano huo wa weupe na sehemu ya weusi ndio uliomshinda Bond. Sisemi kwamba alidhulumiwa. Alikuwa na makosa yake katika kampeni ile, likiwamo la kuamini kwamba jina lake litamtangulia mlangoni, kosa ambalo kijana aliyegonga milango ya eneo la 136 miaka 21 nyuma asingelifanya. Nasema kwamba kushindwa kwa asilimia nne katika kiti ulichokipigania kiwepo si ushahidi wa maisha yaliyopotea, na kwamba wanaolifanya tukio hilo kuwa kaburi la Bond hawana neno la kusema juu ya miaka iliyofuata, alipofundisha historia katika chuo kikuu cha Virginia, alipoisimulia kwa sauti yake filamu mashuhuri ya harakati za haki, na alipoongoza NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, tangu 1998 hadi 2010, ila kwamba haikuwa Washington.

Yapo pia maneno ya chini kwa chini kwamba Bond aliharibu nafasi yake kwa lile jibu la simu. Kwamba angenyamaza siku ile, awe mjumbe mtiifu miaka michache, milango yote ingemfungukia. Huenda. Wanaoyasema hayo wangetakiwa waende mbele kidogo waseme pia angetumikia nini baada ya milango kufunguka, na wapiga kura wa eneo la 136 wangekuwa wamepata nini kwa kumtuma mtu aliyejifunza, kabla hajaapa, kwamba kiti hulindwa kwa kunyamaza. Bond alifariki Agosti 2015. Lewis alikikalia kiti cha tano cha Georgia tangu Januari 1987 hadi alipofariki Julai 2020, akapata heshima aliyoistahili. Na wale wanaohesabu miaka yake 33 kuwa fahari ya Atlanta, huku wakimtia Bond katika orodha ya waliokosa, wana deni la kutueleza nani alisimama katika Seneti ya jimbo kuipigania mipaka ya kiti hicho.